Maji Hufuata Sukari

Mama alifariki mwaka jana, wakati malori ya mahindi kutoka mashamba ya Soy yalikuwa yameanza kupanga foleni nje ya ghala ninakofanya kazi. Nilikuwa nimemuuguza nyumbani kwetu, mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, kwa muda mrefu kabla ya hapo. Nikiulizwa kilichomuua husema figo, kwa sababu ndilo jibu watu wanalotaka, halafu wanaendelea na safari zao. Jibu langu mwenyewe lilikuwa chai. Niliichukia chai, nikawachukia walioinywa sebuleni kwetu, na sina hakika kama nimemaliza kuwachukia.

Figo zake zilipogoma, hospitalini walitupa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mashine ya kusafisha damu, ambayo mgonjwa huifuata mjini mara mbili kwa wiki na kukaa nayo nusu siku akiwa ameunganishwa kwa mrija. Ya pili ilikuwa kuifanya kazi hiyo nyumbani, ndani ya tumbo lake mwenyewe, kwa mifuko ya maji yenye sukari. Mama alikuwa ameuza mboga sokoni tangu alipokuja Eldoret kutoka magharibi akiwa msichana. Alikuwa amechoka kusubiri watu na kusubiriwa. Akachagua tumbo.

Walimpachika mrija mwembamba chini ya kitovu, kisha tukakabidhiwa kwa nesi mmoja wa makamo atufundishe. Nilikwenda na kalamu, nikidhani kutakuwa na somo. Nesi alivuta kiti, akamtazama Mama, akamuuliza kuhusu kachumbari.

"Ukikata hiyo nyanya na kitunguu, utie chumvi, halafu uiache kwa meza, baadaye unapata nini kwa bakuli?"

"Maji," Mama akasema.

"Nani ameweka hiyo maji?"

"Hakuna mtu. Si kachumbari imejitoa yenyewe."

"Basi tumbo yako sasa ni hiyo kachumbari."

Mama alicheka mpaka akashika mahali pa mrija. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimekariri osmosisi nikiwa kidato cha pili, vipande vya kiazi ndani ya maji ya chumvi, vinalegea na kusinyaa, nikaandika maelezo yote katika mtihani na kupata vizuri. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kiazi chenyewe kitakuwa mama yangu.

Nesi alieleza mengine polepole. Kuna utando mwembamba unaofunika matumbo, umejaa mishipa midogo ya damu. Utando huo umejengwa kwa seli, na kila seli nayo imezungukwa na utando wake, wenye vijia vidogo mno ambavyo maji hupita lakini sukari hukwama au huchelewa. Upande mmoja kuna damu iliyofurika maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa. Ukijaza upande wa pili maji yenye sukari nyingi, maji ya damuni yatavuka kuifuata sukari. Hakuna pampu wala umeme. Hakuna anayeyasukuma. Yanavuka kwa sababu huku ni mengi na kule, palipojaa sukari, nafasi yake imepungua, na yataendelea kuvuka mpaka pande mbili zikaribie kulingana. Lakini ukichelewa kufungua mrija, sukari nayo huwa imejipenyeza kidogo kidogo hadi damuni, mvuto unaisha, na yale maji yaliyokwisha kuvuka huanza kurudi yalikotoka. Kwa hiyo mara nne kwa siku unajaza, unasubiri, unamwaga, unajaza tena.

Mifuko ilikuwa ya aina tatu, hafifu, wa kati na mkali. Ule mkali ulikuwa na sukari nyingi kuliko yote na ulivuta maji mengi kuliko yote. Nesi aliushika juu akatuonya sote wawili, ingawa macho yake yalikuwa kwangu.

"Hii kali ni ya siku amefura. Sukari yake inachoma hiyo utando pole pole. Mkiizoea, siku moja mtajaza na hakuna kitu itavutwa."

Mifuko ililetwa kwa katoni. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, kwa hiyo nilizipanga sebuleni, ukuta mzima, nyuma na kando ya makochi. Mama hakuipenda sura hiyo. Alisema imekuwa stoo. Kesho yake nilirudi kazini nikakuta amezifunika zote kwa vitambaa vyake vya kufuma, vile vyeupe vyenye maua ya manjano, na za mbele amezifanya meza. Mgeni angekaa na kuweka kikombe chake juu ya maji ya sukari asijue. Niliona amefanya jambo zuri.

Nilichukua kazi hiyo kwa bidii ambayo sasa inanitia uchungu. Mimi ni karani wa ghala, kazi yangu ni kupima magunia, na mtu wa mizani haachi mizani langoni. Nilinunua mizani ya ndoano, ile wanayopimia kuku, nikaining'iniza kwenye nondo za dirisha la jikoni. Nilipima mfuko ukiingia na nikaupima ukitoka. Ukitoka mzito zaidi, basi utando umefanya kazi, umenyang'anya damu maji yale ya ziada. Nilifunga madirisha, nikavaa barakoa, nikanawa mikono mpaka viwiko kama daktari, nikaunganisha mrija. Mfuko wa mchana alijibadilishia mwenyewe nikiwa kazini, na hata Jumapili alisema ameshauzoea, akauacha ndani ya karai hadi jioni nije niupime. Na asubuhi nilimjazia maji yake ya kunywa ya siku nzima katika chupa ya nusu lita. Chai, uji na mchuzi vilitolewa humo humo. Chumvi nilikuwa nimeifukuza nyumbani, kwa sababu chumvi hukaa damuni ikayavuta maji kutoka ndani ya seli, na seli zikinyauka mwili huomba maji. Mama hakulalamika. Hakuniomba tone hata moja zaidi ya chupa ile. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu ghalani kwamba sijaona mgonjwa mtiifu kama yeye.

Halafu kukawa na wageni.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, hilo nalijua. Akina mama wa kanisa walikuja katikati ya wiki na walikuja Jumapili baada ya ibada, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mwenye duka mtaa wa nyuma, ambaye watu wake walitoka mkoa wa kati zamani. Walikuja na unga, maziwa, mkate, na kila mara sukari. Waliimba, wakaomba, wakakaa. Na kwetu mgeni akishakaa, maji huwekwa jikoni. Chai ikishamiminwa, mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, ndipo wengine hunyanyua vikombe. Asipoonja, vikombe vinabaki pale pale vikipoa, na watu wanatazama mikono yao.

Mara ya kwanza nilimnong'oneza Mama aonje tu. Akaonja, wageni wakanywa, mazungumzo yakanoga, na nilipokuja kutoa vyombo kikombe chake kilikuwa kimekwisha. Nilimkemea walipoondoka. Akasema alisahau. Wiki iliyofuata akasahau tena. Siku nyingine nilikuwa kazini na sikujua ni vikombe vingapi vilisahauliwa.

Lakini mizani ilinidanganya. Siku za wageni, mfuko wa mchana ulitoka mzito kuliko siku nyingine zote. Miguu yake haikufura. Nilikuwa nikiutazama mshale wa mizani nikitabasamu peke yangu jikoni, nikatoka kumwambia kwamba utando wake unafanya kazi kuliko wapakizi wa ghala letu wote. Alitabasamu pia. Alisema ashukuriwe Mungu.

Nilikuja kujua kwa sababu ya usafi tu. Jumamosi moja nilitoa vitambaa nikavifue, na katoni ya mbele ikanifuata mkononi, nyepesi, kana kwamba ilikuwa na hewa. Nikainua iliyo chini yake, nayo ni tupu. Zilikuwa katoni za mifuko mikali. Alikuwa akiitoa mmoja mmoja, akafunga katoni vizuri, akarudisha kitambaa na vikombe juu yake. Kila siku ya wageni alijijazia mkali, ukamtolea maji ya chai aliyokunywa, na jioni mimi nikaupima na kufurahi.

Nilikasirika vibaya. Nilimwambia maneno ya nesi, nikayarudia, nikamwambia utando ule hauuzwi dukani wala haushonwi, ukiisha umeisha. Nikamuuliza kama chai ya kina mama wa kanisa ina thamani kuliko yeye. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa mara moja.

"Mtu akikaa mbele ya wageni bila kunywa," akasema, "huyo si mwenye nyumba. Huyo ni maiti wamekuja kuona."

Niliwaendea wale ambao niliamini nawaweza. Jumapili niliwasubiri getini. Niliwaeleza akina mama hali yote, figo na utando na sukari, nikawaomba kama wanakuja waje, ila kusiwe na chai. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu akiwa na maziwa yake mkononi. Aliniambia kwa upole kwamba wao hawaji kunywa chai, wanakuja kuona Mama. Wote wakaitikia. Tukaingia, wakaimba, wakaomba, wakakaa. Kisha Mama akaniita kwa jina la utotoni mbele yao wote, akaniambia niweke maji jikoni, wageni wasije wakasema ameshindwa.

Niliweka. Ningefanya nini? Niliipika chai ile nikilia kwa hasira, nikaileta, akaonja, akanywa. Baadaye mtaani zilinifikia habari kwamba mimi ni mchoyo, kwamba namnyima mama yangu chai ndani ya nyumba yake. Mifuko mikali niliihamishia chumbani, nikaifungia kabatini na kutembea na ufunguo. Mama aliendelea kunywa na wageni, na sasa maji hayakuwa na pa kutokea, miguu ikafura, pumzi ikawa fupi. Ikabidi nifungue kabati mwenyewe na kumjazia ule mkali kwa mikono yangu. Hapo ndipo tulipofika, mimi na yeye, kila mmoja akimshinda mwenzake na hakuna aliyekuwa akishinda.

Utando ulichoka polepole, kama nesi alivyosema. Mifuko ilianza kutoka na uzito wa karibu sawa na ulioingia. Kisha mkali nao ukatoka hivyo hivyo. Sukari ilikuwa ikipenya kwenda damuni upesi mno, kabla ya kuvuta chochote, na jioni moja mfuko ukatoka mwepesi kuliko ulivyoingia. Maji yalikuwa yamevuka kinyume. Badala ya kumtolea, tulikuwa tumemwongezea. Nilisimama mbele ya dirisha nikaupima tena na tena, nikiomba mizani iwe imeharibika. Haikuwa imeharibika.

Daktari alituambia kwamba safari ya tumbo imefika mwisho. Mrija ukatolewa, Mama akaanza kwenda kwenye mashine mjini. Katoni zilizobaki tuliipa hospitali. Sebule ikawa kubwa ghafla, na kuta zikawa na alama za vumbi pale katoni ziliposimama. Mashine ilimtoa maji mengi kwa muda mfupi na kumwacha amenyong'onyea, analala siku nzima. Maji ya kunywa nayo yalipunguzwa, kwa sababu sasa alikaa siku kadhaa bila kutolewa hata tone. Ile chupa ya nusu lita niliijaza isifike nusu. Daktari alinichukua kando na kuniambia kwamba moyo umebeba maji hayo muda mrefu na sasa umepanuka, tusitarajie mambo makubwa. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia bila kujificha. Watu walipita. Hospitalini hakuna anayeshangaa.

Akina mama waliendelea kuja. Sikuwazuia tena. Jumapili moja ya mwisho mwisho walikuja wengi kuliko kawaida, nadhani mwenyekiti alikuwa ameona nilichokiona mimi. Mama alikuwa ameketishwa kwenye kochi akiwa amezungushiwa mito, kitambaa kipya kichwani. Walipomaliza kuomba alinitazama, nami nikaenda kuweka maji bila kungoja kuambiwa. Nilikuwa namimina jikoni nilipomsikia akija, akishika ukuta hatua kwa hatua. Nikamwambia arudi akae. Alisimama mlangoni akipumua.

"Yangu usiweke kitu," akasema. "Lete tu kikombe."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Alirudi kwenye kochi, na nikaingia na sinia. Nikawapa wageni vikombe vyao, na chake nikampa kikiwa kitupu. Alikipokea kwa mikono miwili kama kitu cha moto. Akakipuliza. Akakipeleka mdomoni, akameza, akajifuta midomo kwa ncha ya leso.

"Karibuni," akawaambia. "Imepoa kidogo."

Wakanywa. Hakuna aliyejua, au kama mwenyekiti alijua, alitazama kikombe chake mwenyewe. Walizungumza habari za mahindi, bei ya mbolea, harusi ya binti wa mtu fulani. Mama alinyanyua kikombe kila mara walipokinyanyua, akakishusha waliposhusha, na akacheka nao. Nilikaa kwenye stuli kando ya mlango, nikamtazama, na kile kilichokuwa kikinipanda kifuani nilidhani ni huruma mpaka nilipokitambua. Kilikuwa hasira. Miezi yote ile, utando wote ule, na dawa yake ilikuwa kikombe kitupu.

Nilingoja mpaka wa mwisho akafunga geti. Nilikusanya vyombo, nikavipeleka jikoni, nikarudi nikiwa bado nimeshika kitambaa cha kupangusia. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, maana alikuwa amechoka, lakini nilimuuliza. Kwa nini hakufanya hivi tangu mwanzo? Wageni wangekunywa, heshima ingebaki, na tumbo lake lingekuwa bado linafanya kazi.

Mama alikuwa amelaza kichwa kwenye mto na macho ameyafumba, nikadhani amelala.

"Nilikuwa na kiu," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia sizungumzii leo.

"Si leo. Siku zote. Hiyo dawa yenu ya sukari ilikuwa inanikausha mpaka kwa ulimi. Nikiamka kiu, nikilala kiu. Wageni walikuwa wananisaidia tu kupata kikombe."

"Si ungeniambia, Mama?"

Akafumbua macho, akanitazama bila ukali wowote.

"Ungepima," akasema.

Nilirudi jikoni. Chupa yake ilikuwa kwenye rafu, na maji yaliyobaki ndani yake yalikuwa ya kulowesha midomo tu. Niliiacha pale ilipo. Nilichukua glasi kubwa, nikaijaza maji kutoka kwenye mtungi hadi ukingoni, nikaibeba kwa mikono miwili yasimwagike, nikampelekea. Alitazama glasi, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ananiuliza kama nina hakika. Nikamwinua kichwa. Alikunywa polepole, akipumzika kati ya funda na funda, na niliyasikia maji yakishuka kooni. Yalipofika nusu aliacha, akafuta midomo, akanirudishia glasi.

"Imetosha," akasema. "Iliyobaki kunywa wewe."

Nikaketi kando yake, nikanywa.